Mawazo Yamekauka, Ari Imepotea: Jibu kwa Mwandishi wa Uyole

Marahaba, ndugu yangu, na pole na kazi.

Umeniandikia kwamba uliacha kufundisha, ukarudi nyumbani kwa mama yako Uyole, jijini Mbeya, na tangu hapo unaishi kwa kalamu: makala za kilimo na biashara kwa wateja wawili walioko Dar es Salaam, na mchezo mfupi wa redio pale unapopata oda. Miezi ya mwanzo kazi ilikwenda. Sasa, kwa maneno yako mwenyewe, unaamka, unawasha kompyuta, unaitazama mpaka chai inapoa, na jua linazama huna hata aya moja ya kumwonyesha mtu. Unauliza mawazo ya kuandika kila wiki yanapatikana wapi, ari inarudishwaje, na kama dawa yake ni kuhamia Dar es Salaam "ambako ndiko mambo yaliko". Mwishoni umeongeza, kama jambo la kupita, kwamba pale nyumbani hakuna anayekuhesabu kuwa uko kazini. Hilo si la kupita, nami nitalifikia.

Ninachokiona katika barua yako ni kwamba unatafuta vitu viwili tofauti mahali pamoja na kwa saa ileile. Unakaa mezani saa mbili asubuhi ukitaka wazo lije, na papo hapo ukitaka ari ya kuliandika ije pamoja nalo. Lakini wazo huokotwa nje, siku kadhaa au hata wiki kadhaa kabla ya kuandikwa, na mezani hufikishwa likiwa limekwisha kushikwa. Ari nayo haitangulii kazi, bali huja baada ya mtu kuwa ameanza, na mara nyingi huja ikiwa imechelewa. Anayezingoja zote mbili mbele ya kompyuta atangoja sana, hata awe na kipaji cha namna gani.

Ulipokuwa mwalimu ulipata mawazo bila kujua kwamba unayapata. Ulipanda daladala ukamsikia kondakta akibishana na abiria juu ya chenji, ulikaa katika chumba cha walimu ukasikia nani amekopa wapi na kwa riba gani, mzazi alikuja kumwombea mwanawe ruhusa ya wiki nzima kwa sababu ya mavuno. Mshahara ulilipwa kwa kufundisha, lakini habari za watu ulizipata bure. Ulipobaki nyumbani ulipata muda, ila njia iliyokuwa ikikuletea watu kila siku ikafungika. Ndiyo maana miezi ya mwanzo ilikuwa rahisi: uliandika kwa kula akiba. Akiba imekwisha, na wewe unadhani kilichokwisha ni uwezo wako.

Kabla sijasema uende wapi, tukubaliane kwanza unakwenda kutafuta nini, kwa sababu wengi hutoka, wakazunguka soko zima, wakarudi na vumbi tu. Tuseme mteja anataka makala ya kilimo. Unaandika juu ya karatasi "viazi", kisha unashangaa kwa nini hakuna kinachofuata. Viazi ni mada, na mada peke yake haiendi popote. Wazo huanza pale mada inapokutana na mtu anayetaka kitu na kizuizi kinachomzuia asikipate, au inapokutana na swali ambalo msomaji angependa kujua jibu lake lakini hajapata kulisikia likijibiwa.

Hebu nenda mahali popote huko kwenu viazi mviringo vinapopakiwa kwenye lori, usimame ulitazame gunia moja. Utaona lumbesa: gunia lililojaa mpaka mdomoni, kisha likaongezwa kichwa juu yake, kikashikiliwa kwa kamba zilizosukwa kama wavu. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, haiutambui ufungashaji huo. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilipigia kelele jambo hilo mwaka hadi mwaka. Hata hivyo gunia liko mbele yako, na watu walio kando yake wanaendelea na kazi bila wasiwasi. Hapo ndipo maswali yanapoanza kujileta yenyewe. Yule anayesuka kamba za kile kichwa analipwa na nani, mkulima au mnunuzi? Mkulima anajua kabisa kwamba anapunjwa, sasa kwa nini anakubali? Ukimuuliza kwa adabu huenda akakwambia kwamba gari liko barabarani leo na kesho halipo, kwamba ada ya mtoto inadaiwa, kwamba kijijini kwake hakuna mzani, na kwamba akikataa yeye, jirani atakubali. Dalali naye ana maneno yake: atakueleza kwamba soko la Dar es Salaam linanunua kwa gunia, hivyo akipeleka gunia dogo atapata bei ya gunia dogo. Kuli anayelibeba mgongoni analipwa kwa gunia, si kwa kilo, kwa hiyo kila kilo inayoongezwa juu anaibeba bure. Na kule mwisho wa safari kuna mama anayelifungua gunia hilo na kuuza kwa mafungu, ambaye pengine hajui kwamba faida yake imetoka kwenye kichwa kile.

Hesabu sasa una kazi ngapi. Makala ya mteja ipo: jinsi mkulima anavyoweza kujua kilo alizouza kabla ya kupokea fedha. Habari ya kuli na mgongo wake ni makala nyingine kabisa, yenye sauti nyingine na pengine mnunuzi mwingine. Mchezo wa redio upo: mkulima mmoja amenunua mzani wake mwenyewe, kijiji kizima kinamtazama, na gari la mnunuzi linawashwa kuondoka. Hadithi fupi ipo kwa yule anayesuka kamba, hasa kama baba yake ni mkulima. Yote hayo yametoka kwenye gunia moja, kwa asubuhi moja, na hakuna hata moja ambalo mwandishi aliyeko Dar es Salaam angeweza kuliona akiwa ofisini kwake.

Kwa hiyo swali lako la kuhama nalijibu hapahapa. Usihame kwa ajili ya kutafuta mawazo. Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam, kazi za televisheni nyingi ziko huko, na ipo siku utalazimika kupanda basi ukaonane na watu uso kwa uso. Hayo ni kweli. Lakini wateja wako hawakulipi kwa sababu unaishi karibu nao. Wanakulipa, au wangepaswa kukulipa, kwa sababu uko mahali ambapo viazi, chai ya Rungwe na Mufindi, mchele wa Kyela na Mbarali, mbao za Mafinga na parachichi za Njombe vinatoka. Ukihamia mjini kwao utakuwa mwandishi mmoja zaidi anayeandika kilimo kwa kupiga simu.

Utaratibu ninaoupendekeza ni kutoka mara mbili kwa wiki, kwa siku zinazojulikana na kwa saa ambazo mambo hutokea. Soko la Mwanjelwa la saa nne asubuhi si lile la alfajiri, wakati mizigo inashushwa na bei ya siku bado inabishaniwa. Pale njia panda ya Uyole, ambapo barabara ya kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi inaachana na barabara kuu ya Tunduma, zinapita biashara za nchi tatu, na wewe unaishi hatua chache kutoka hapo. Nenda mashine ya kusaga, nenda stendi ya Nane Nane, kaa kwenye foleni ya zahanati unapokuwa na sababu ya kuwa pale, hudhuria mkutano wa chama cha ushirika kama mama yako au jirani ni mwanachama. Usijitambulishe kwa mbwembwe kwamba wewe ni mwandishi. Nunua kitu, kwa sababu mnunuzi ana haki ya kuuliza maswali na hakuna anayemshangaa, kisha uliza lile swali la kawaida kabisa: biashara inakwendaje msimu huu? Nyamaza usikilize. Watu wa huku kwetu si wepesi wa kumwaga maneno kwa mgeni, lakini ukivumilia kimya kidogo watasema jambo la pili, na mara nyingi lile la pili ndilo lenye faida.

Beba daftari dogo la mfukoni na penseli. Simu inaweza kufanya kazi hiyo, najua, ila simu ukiifungua kuandika sentensi moja utakuta ujumbe kumi na mbili unakungoja, na sentensi itakuwa imekwenda. Katika daftari andika maneno yenyewe jinsi yalivyosemwa, si maana yake. Andika tarakimu moja, iwe bei, uzito, saa au umbali. Na andika jambo lililokushangaza, hata kama huelewi kwa nini limekushangaza. Fanya hivyo kabla saa moja haijapita tangu ulipolisikia, maana kumbukumbu hulainisha maneno ya watu mpaka yote yakafanana na maneno yako. Wagema wa ulanzi wa huku Iringa wanalijua jambo hili kwa upande wao: mwanzi mchanga hukatwa ncha asubuhi na jioni, kila siku, na mgema akiacha siku kadhaa jeraha hukauka na utomvu hautoki tena hata arudi na kisu kikali kiasi gani. Daftari linalofunguliwa mara moja kwa mwezi, siku ambayo mteja amepiga simu, halitakupa kitu.

Hapo liko sharti moja ambalo nalitilia mkazo kuliko mengine. Mbeya ni jiji, lakini Uyole ni mtaa, na watu wa mtaa wanajuana kwa kikohozi. Ukiandika habari ya mtu kwa jina lake, mwombe ruhusa na umsomee ulichoandika. Ukiandika hadithi ya kubuni, usibadilishe jina peke yake ukaacha kila kitu kingine. Badilisha kazi, umri, kijiji, idadi ya watoto, mpaka mwenyewe akiisoma asijitambue. Mambo ya ndani ya nyumba ya jirani, hasa magonjwa na ugomvi wa ndoa, yaache hata kama ni matamu, kwa kuwa kesho utamhitaji jirani huyo, na zaidi ya hapo, hakukuambia ili uyauze.

Nimeona pia kwamba unatafuta mawazo wiki kwa wiki, na huko ni kujitesa. Nyanda zetu zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili au Mei, na maisha ya watu hufuata msimu huo kwa namna inayotabirika. Mhariri wa makala za kilimo hahitaji makala ya kuchagua mbegu mwezi Desemba, wakati mkulima amekwisha kupanda. Anaihitaji Septemba, na anayempelekea Agosti ndiye anayelipwa. Basi chora mwaka wako ukirudi nyuma miezi miwili kutoka kwenye jambo lenyewe. Mbolea na mbegu ziandikwe kabla ya mvua. Uhifadhi wa mahindi uandikwe kabla hayajavunwa. Baridi ya Juni na Julai, ambayo Makete na Njombe huja na jalidi ya kuunguza mazao, iandikwe Aprili. Maua ya Kitulo huchanua wakati wa mvua, hivyo makala ya kumvuta mtalii inapaswa kuwa tayari mapema. Sikukuu ya Nane Nane nayo ipo kila mwaka, na viwanja vya John Mwakangale viko kwenye jiji lako. Mwaka 2022 mpango wa ruzuku ya mbolea ulizinduliwa palepale, na waandishi walioamka siku hiyo wakiwa tayari wameshazungumza na wakulima kuhusu bei ya mbolea waliandika vitu vilivyowazidi mbali wale walionakili hotuba. Ukiwa na mwaka wako ukutani, kila wiki unakwenda kutafuta kitu unachokijua, na hilo peke yake litakupunguzia nusu ya hofu.

Kuna mtego unaowanasa waandishi wengi wa huku, nao ni wa mambo makubwa. Mtu akikosa wazo hukimbilia kuandika juu ya fuvu la Mkwawa lililorejeshwa Kalenga mwaka 1954, au juu ya reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, au juu ya Kimondo cha Mbozi. Ni mambo mazito na yanastahili kuandikwa, ila kila anayeyaandika hunakili sentensi zilezile kutoka kwa aliyemtangulia, na wahariri wamechoka nazo. Ukitaka kuyagusa, ingia kwa mlango mdogo. Usiandike historia ya TAZARA. Andika namna mama anayeuza ndizi kwenye kituo kidogo anavyopanga siku yake wakati hajui treni itafika saa ngapi. Historia itaingia yenyewe, aya moja au mbili, na msomaji ataipokea kwa sababu sasa ina mtu anayemjali. Kwa kazi ya namna hiyo Maktaba ya Mkoa pale mjini itakufaa kuliko simu, kwa sababu utasoma kitabu kizima badala ya kipande kinachozunguka kutoka mtu hadi mtu, na kwa sababu, niseme ukweli, kukaa katika chumba ambamo watu wengine wanasoma kimya kunamtuliza mtu.

Umeuliza pia kama ni dhambi kuiomba programu ya akili mnemba ikupe mawazo. Si dhambi. Lakini ukiiuliza ikupe mada kumi za kilimo cha viazi itakupa zilezile itakazompa kila aliyeuliza, na mteja wako anaweza kuiuliza mwenyewe bila kukulipa. Itumie kupanga ulichokwisha kukusanya au kukukumbusha swali ulilosahau, na kila tarakimu itakayokupa ihakikishe kwingine kabla hujaiandika.

Nije kwenye ari. Ushauri unaotolewa sana ni kuamka saa kumi na moja alfajiri. Kwa Uyole ya mwezi wa Julai, mimi naona huo ni ushauri wa mtu aliyezaliwa pwani. Vidole vikiwa vimekufa ganzi, hakuna sentensi inayotoka. Chagua saa mbili ambazo mwili wako umekwisha kupata joto na nyumba imetulia, labda kuanzia saa tatu hadi saa tano, na uzilinde hizo tu. Saa mbili za kuandika kweli ni kazi ya kutosha kwa siku, na zinazobaki zitakuwa za kusahihisha, kuwajibu wateja na kupanga. Umeme ukikatika, usiigeuze kuwa likizo. Andika kwa mkono. Rasimu ya mkono ina faida kwamba huwezi kuifuta kila baada ya maneno matano, na kuinakili baadaye kutakulazimisha kuisoma upya.

Kuhusu kuanza, fanya mambo mawili ambayo nimeona yakiwasaidia watu wa tabia tofauti kabisa. La kwanza, usimalize siku ukiwa umemaliza aya. Acha katikati, pale unapojua kabisa sentensi inayofuata ni ipi, kisha andika chini yake kwa maneno machache kile kinachokuja. Kesho yake hutaanza na ukurasa mweupe. Utaanza kwa kumalizia, na mtu anayemalizia hahitaji ari. La pili, usijiandikie kazi inayosema "andika makala ya lumbesa". Hiyo ni kazi ya siku tatu iliyovaa nguo za kazi moja, na mwili wako unalijua hilo hata kabla hujakaa, ndiyo maana unakwenda kuchemsha chai nyingine. Jiandikie: "eleza jinsi kamba inavyosukwa, aya moja". Ukimaliza, jipe nyingine. Ikiwa baada ya nusu saa ya kuandika kweli bado moyo haujaingia, basi tatizo haliko kwenye ari, na hapo chunguza moja kati ya mawili: ama hujakusanya vya kutosha, na dawa yake ni kutoka, ama huijui sentensi ya kwanza kwa sababu bado hujaamua makala inasema nini.

Sasa lile la nyumbani. Mama yako anakutuma mkaa saa nne asubuhi kwa sababu anachokiona ni kijana wake mzima amekaa, na kwa macho ya watu wengi wa rika lake mtu aliyekaa hana kazi. Hakukosei heshima. Hajaonyeshwa. Kumwambia "mama, naandika" hakutoshi, kwa kuwa kuandika hakuna mwisho unaoonekana. Mwambie, "Mama, kuna mtu Dar es Salaam anangoja kazi hii Alhamisi, naye atanilipa. Naomba saa tatu mpaka saa tano nisitumwe. Baada ya hapo nipo." Kisha timiza ile sehemu ya mwisho. Mkaa, maji, mashine, duka, zichukue kazi hizo kwa moyo mmoja mchana, na baadhi yake zifanye kuwa ile safari yako ya kutafuta mawazo, maana anayekwenda kusaga mahindi tayari amepata sababu ya kukaa na kusikiliza. Vaa viatu unapokaa kuandika, hata kama ni chumbani. Linaonekana jambo la kipuuzi lakini nyumba nzima huanza kutofautisha kijana aliye kazini na kijana aliyeamka tu. Na malipo yakiingia, mpelekee mama kitu na useme kimetokana na kazi ipi. Akishaunganisha sukari na ile saa ya ukimya, yeye mwenyewe atawanyamazisha wadogo zako.

Nina shaka moja ambayo barua yako haikuitaja waziwazi, ila imejificha katika ile sentensi yako kwamba mteja mmoja "huchelewa kidogo". Mtu anayeandika makala ya nne wakati ya kwanza haijalipwa hupoteza hamu, na hamu hiyo hairudi kwa mbinu za kujihimiza. Kabla hujajilaumu, pitia hesabu zako. Andika nani anadaiwa nini na tangu lini. Kwa kazi mpya, omba sehemu ya malipo kabla ya kuanza, na makubaliano yawe ya maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi unaotaja idadi ya maneno, tarehe na kiasi. Mteja anayekasirika kwa kuombwa hivyo amekwisha kukuonyesha atakavyokuwa. Kuhusu mawazo unayompelekea mteja, fahamu kwamba sheria ya hakimiliki hulinda namna ulivyoandika, hailindi wazo tupu. Basi unapopendekeza kazi, mpe kiasi cha kumtia hamu na ubaki na majina ya watu uliozungumza nao.

Tafuta vilevile mwandishi mwenzako mmoja, hapo Mbeya au hata mbali, mkabidhiane kurasa kila Ijumaa bila udhuru. Asiwe rafiki wa kukusifia. Kazi ya mtu anayefanya kazi peke yake hukosa jicho la mwingine, na kule shuleni ulikuwa na mkuu wa shule, ratiba na kengele. Sasa kengele ni lazima uitengeneze wewe. Kundi kubwa la mtandaoni silipendekezi, kwa sababu ndani yake watu huzungumza juu ya kuandika kuliko wanavyoandika.

Ikiwa umefanya haya kwa wiki kadhaa na bado hulali vizuri, chakula hakipiti, hupendi tena hata mambo uliyoyapenda zamani ambayo hayahusiani na kuandika, basi hilo si suala langu wala la daftari. Nenda kituo cha afya umweleze daktari kama unavyoeleza homa. Hakuna aibu ndani yake.

Limebaki lile la riwaya, ambalo umeliandika pembeni ya barua kama mtu anayeona haya. Umesema hupati muda wake kwa sababu ya makala za wateja, na unajiuliza kama uache makala. Usiache, makala ndizo zinazokutoa nje na kukutanisha na watu ambao riwaya itawahitaji. Ila riwaya isipewe mabaki ya siku. Ipe ile nusu saa ya kwanza kati ya saa zako mbili, siku nne kwa wiki, kabla ya kazi ya mteja, na uiache katikati ya sentensi kama nilivyosema. Ujiwekee pia tarehe iliyo nje ya mikono yako: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, hupokea miswada ya riwaya, na masharti yake hutangazwa kila inapofunguliwa, yasome vizuri mwaka utakaotaka kushiriki, kwa kuwa yanaweza kubadilika. Sikuambii ushinde. Nakwambia upate siku ambayo mswada ni lazima uwe umekwisha.

Wiki ijayo anza na safari moja tu, ya alfajiri, Mwanjelwa, na urudi na kurasa mbili za daftari. Usiandike makala siku hiyo. Kesho yake, saa tatu, chagua swali moja kati ya uliyoyarudisha na uliandikie aya moja, kisha nitumie zote mbili, daftari na aya, jinsi zilivyo bila kuzisafisha, ili nione unachokiacha njiani kati ya kusikia na kuandika.